Msimu Mpunga Ulipoota Golini

Kabla hamjashika reki wala ndoo ya chokaa, vueni viatu. Hilo ndilo la kwanza, na najua mtacheka kama nilivyocheka mimi nilipoambiwa. Nimesikia klabu imewaajiri vijana watatu kuutunza uwanja wetu wa Tukuyu, na kwamba mmepewa mashine ya kukatia nyasi ambayo mtu anaikalia na kuiendesha. Hongereni sana. Mimi nilianza na fyekeo na mgongo wangu, na leo mgongo ndio unaonipa taarifa mvua ikikaribia. Kwa kuwa kwetu Rungwe mvua haiachi kukaribia, mnaweza kujua ninavyolala.

Katibu wa klabu ndiye aliyeniomba niwaandikie. Akaniambia, "Mzee, andika mambo ya kitaalamu tu, hadithi usiweke." Nimejaribu kurasa mbili nikazichana. Kila nikitaka kuandika habari ya nyasi namwona mtu, na kila nikiandika habari ya maji namwona mtu yule yule. Basi katibu atanisamehe.

Haya, ya kitaalamu kwanza, asije akasema sikumsikiliza. Msikate nyasi zikiwa na umande, zinalala badala ya kukatika, na mashine inazing'oa. Msikate fupi sana kwa sababu kocha amewaambia mpira utakimbia. Kocha atafukuzwa kazi mwakani, nyasi mtabaki nazo ninyi. Kamba ya kupigia mstari iloweshwe kwanza ndipo ivutwe, kamba kavu inapinda upepo ukija, na mwamuzi wa pembeni ataonekana mlevi mbele ya watu wote. Chokaa ikorogwe jioni ikae hadi asubuhi. Niliwahi kuikoroga na kuipiga papo hapo, beki wetu akateleza na paja juu ya mstari, ikamchoma, wiki nzima akawa anakalia upande mmoja. Mpaka leo tukikutana sokoni Bulyaga hunisalimia akiwa ameshika paja.

Na ukungu. Ukungu wetu huanza kushuka kutoka mlimani alasiri, na wageni hawaujui. Msimu ule tulipopanda Ligi Kuu, timu moja kutoka pwani ilikuja na wachezaji wamevaa glavu na kofia za sufu mwezi wa pili. Kipindi cha pili ukungu ukashuka, kipa wao akawa anauliza, "Mpira uko wapi?" na beki wake anajibu, "Mimi mwenyewe niko wapi?" Tuliwafunga mawili. Sisemi ukungu ulitusaidia. Nasema tu kwamba vijana wetu walizaliwa ndani yake.

Mnaijua Migomba FC ya sasa, yenye basi lenye picha. Ile ya kwangu ilikuwa timu ya watoto wa wakulima wa ndizi na wachuma chai, kipa alikuwa fundi seremala, na nahodha alikuwa akiuza viazi mviringo stendi mpaka mwaka ule ule tuliopanda. Kila mtu kwenye redio alisema tutashuka daraja kabla ya Pasaka. Pasaka ikafika tuko nafasi ya sita. Mama Subilaga, muuza ndizi pale sokoni na kiongozi wa washangiliaji, aliukata msimamo wa ligi kwenye gazeti akaubandika juu ya mizani yake, na mtu akitaka kupunguziwa bei alionyeshwa kwanza nafasi ya sita.

Sasa nimtaje mtu niliyesema namwona kila nikiandika. Mzee Ambakisye wa Ibighi alikuwa mtunza uwanja kabla yangu. Ujanani alichimba mifereji kwenye mashamba ya chai, kisha klabu ikamchukua ili auondoe uwanja kwenye tope. Wakati huo pale palikuwa bonde la kuchungia ng'ombe, na mvua ikinyesha bata walikuwa wanatua. Alichimba mifereji ya chini kwa chini kwa jembe na sururu, akaijaza mawe meusi yenye matundu, akafukia, akapanda nyasi juu. Hakuichora popote. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake na nyayoni. Kila asubuhi aliacha viatu pembeni ya mstari, akatembea peku kutoka goli hadi goli. Mahali ambapo mguu ulihisi baridi kuliko jana, alijua maji yamekaa. Alinifundisha hivyo kwa miaka mingi nikiwa msaidizi wake, na nilimpenda, ingawa sikuwahi kumwambia. Wanaume wa kwetu hatuna maneno hayo.

Siku anastaafu nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mafunzo ya wiki mbili. Nilikuwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu na suruali mpya. Viongozi walikuwa wamesimama pale wanampa mkono wa kwaheri, naye akanigeukia akasema, "Kesho asubuhi njoo nikuonyeshe maji yanakotokea. Mifereji ile nimeichimba mwenyewe, haimo kwenye karatasi yoyote."

Mimi nikamjibu, mbele ya watu wote, "Mzee, wewe sasa pumzika tu. Siku hizi kuna utaalamu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alienda pembeni ya mstari, akafuta nyayo kwa nyasi, akavaa viatu, akaondoka taratibu. Miaka sita hakukanyaga tena pale. Nimewasimulia watu makosa yangu mengi, la chokaa na mengine, lakini hili nililificha hata kwa mke wangu. Nilikuwa naona haya, na mtu mwenye haya hujifanya ana shughuli nyingi.

Basi mwaka wa Ligi Kuu mvua za masika zilikuja kwa hasira. Sanduku la goli la upande wa Bulyaga likageuka tope. Nilitoboa matundu kwa uma wa shambani, nikaweka mchanga, nikaweka maranda ya mbao, maji yakawa yanayapokea yote na kukaa pale pale. Ningeweza kutembea nusu saa mpaka Ibighi nikamuuliza mzee. Badala yake nikamuuliza Mama Subilaga.

"Baba Atupele," akaniambia, "weka pumba za mpunga. Dada yangu kule Kyela anakaushia nazo ua mzima. Zinakunywa maji hizo!"

Akaniletea lori zima kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Nikamwaga, nikasawazisha, nikashindilia. Mechi iliyofuata uwanja ulikuwa mkavu kiasi cha kipa wetu kulalamika vumbi. Tukashinda. Kocha alinikumbatia mbele ya kamera, nami nikatembea mjini wiki nzima kifua mbele.

Wiki ya pili golini pakaanza kuota nyasi. Laini, kijani kibichi, nzuri ajabu. Nikamwita kocha nikamwambia, "Unaona? Hiyo ni mbegu ya asili imeamka, ni matokeo ya kuitunza ardhi." Nilimweleza kwa kirefu, na maneno ya kwenye cheti nikayatia. Mama Subilaga alikuwa amepita kuleta ndizi za wachezaji. Akainama, akang'oa kijani kimoja, akakitafuna kidogo.

"Baba Atupele."

"Naam."

"Huu si mpunga?"

Ulikuwa mpunga. Mashine ile ya kukoboa ilikuwa mbovu, nusu ya punje zilipita na maganda yake, nami nilikuwa nimezipanda kwa mikono yangu ndani ya sanduku la goli la Ligi Kuu. Kabla sijauondoa tukawa na mechi nyingine, na mpiga picha mmoja akalala chini kabisa ili mashuke yaonekane mbele na kipa nyuma. Hayakuwa mashuke hata, yalikuwa majani tu, baridi ya kwetu haiuruhusu mpunga kuzaa. Lakini picha ilizunguka kwenye simu za nchi nzima. Tulipokwenda kucheza ugenini washangiliaji wao walitupokea wakipepeta kwa ungo.

Nilicheka nao, ningefanya nini? Lakini picha ile ndiyo iliyoleta wakaguzi. Walikuja wawili na mwavuli mmoja. Mrefu wao akachomeka kijiti kwenye kona ya sanduku, akakichomoa, tundu likajaa maji. Akaandika. Kisha akasema bila ubaya wowote kwamba watarudi siku mbili kabla ya mechi yetu ya mwisho, na wakikuta maji yamesimama, mechi itahamishiwa mkoa mwingine.

Mechi ile mnaijua kwa kusimuliwa. Tulikuwa tumefika nafasi ya tano, na tukishinda tunamaliza wa nne, timu iliyopanda mwaka ule ule. Tulikuwa hatujapoteza hata mechi moja nyumbani. Ugenini tulikuwa watu wa sare. Vijana walikusanyika kwenye chumba cha kuvalia, na nahodha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Babu, itawezekana?" Angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile.

Asubuhi iliyofuata nikapiga magoti kwenye tope nianze kuung'oa ule mpunga. Nikang'oa, nikang'oa, mpaka nikaona jambo ambalo nilikuwa nalitazama wiki tatu bila kuliona. Sehemu kubwa ya mpunga ilikuwa imeshakuwa ya njano kwa baridi, inakufa. Ila kulikuwa na ukanda mmoja, upana wake kama bapa la jembe, ambao ulikuwa umesimama kijani mpaka magotini. Ulianza nyuma ya mlingoti, ukakatiza sanduku, ukanyooka hadi kwenye kibendera cha kona. Umenyooka kabisa, hakuna mbegu inayojipanga hivyo yenyewe.

Nilikaa kitako kwenye maji. Ule ulikuwa mfereji wa Mzee Ambakisye. Ulikuwa umejaa maji yasiyokwenda popote, na mpunga ulikuwa unayanywa. Kitu alichotaka kunionyesha kwa asubuhi moja nilikuwa nimeonyeshwa na pumba.

Nikachimba, nikayakuta mawe meusi yamepangwa vizuri mno, mpaka leo nikiyakumbuka nasikia uchungu. Maji yalikuwa yamesimama katikati yake. Basi mdomo wa mfereji ulikuwa umeziba mahali fulani huko nje. Lakini wapi? Nje ya kona ardhi inashuka kwenye migomba, na mpunga haukuota huko. Nilichimba mashimo matatu, nikapata minyoo. Siku ya nne nikaoga, nikavaa shati la kanisani, nikachukua kuku mmoja na kilo ya sukari, nikaenda Ibighi.

Mzee alikuwa amelala kwenye benchi barazani, amejifunika blanketi, redio ndogo kifuani. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa imevimba.

"Hodi, tata," nikasema, kama mtu anavyomwita babake.

Akafungua jicho moja. "Nani huyo? Mtaalamu?"

"Ni mimi, tata."

"Karibu. Kaa." Akamwita mkewe. "Mama, tumepata mgeni, lete chakula."

"Tata, mimi nina neno moja tu nimekuja—"

"Gwe, kula kwanza. Umekonda kuliko mimi."

Bibi akaleta mbalaga, ndizi zimepikwa na maharage, bakuli la watu wawili. Kwetu mtu hasemi shida yake na tumbo tupu, na mimi nililila bakuli lile tonge kwa tonge. Mzee alikuwa ananitazama tu. Nilipomaliza kunawa nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka mawili tu.

"Tata, nilikukosea."

"Ulinikosea, ndiyo," akasema. "Sasa uliza."

"Maji yanatokea wapi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, bibi akaja kumshika mgongo.

"Nyasi ukishakata unazitupa wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilikuwa na rundo langu chini ya kona, kwenye ukingo wa migomba. Kila wiki nilisukuma toroli pale, nikamwaga, nikashindilia kwa koleo ili lisisambae. Wageni walilisifia kwa unadhifu. Nilikuwa bado naeleza habari ya unadhifu ndipo nikaelewa nilichokuwa nakiziba.

"Ee," akasema mzee. "Pale pale."

"Ulikuwa unajua?"

"Kila Jumapili nilikuwa napita barabara ya juu nikienda kanisani. Nikaliona likianza, nikaliona likikua. Umelipanga vizuri sana, mwanangu."

"Mbona hukuniambia, tata? Miaka sita!"

"Si uliniambia nipumzike? Nikapumzika."

Kuku wangu alikuwa amefungwa miguu pale sakafuni, anadonoa kamba. Kisha mzee akavuta blanketi, akasema kwa sauti nyingine, "Na mimi nimekosa. Mvua ikinyesha nalala hapa nahesabu: sasa maji yamefika golini, sasa yamefika kona, sasa yamegonga nyasi za yule mjinga yamerudi. Uwanja ni wangu na nimeuacha unaumwa kwa sababu ya hasira. Tumekuwa watoto wawili, mimi na wewe."

Nikamrekebishia blanketi ambalo halikuhitaji kurekebishwa.

"Mechi zote nimezisikiliza kwenye hiki," akasema akigonga redio. "Jina la uwanja wakilitaja nawaambia watu wa nyumbani nyamazeni. Sijawahi kuona Ligi Kuu ikichezwa juu ya mifereji yangu. Daktari amenikataza safari. Wakiuhamisha mchezo, basi, nitausikia tu kama mingine. Lakini kutoka hapa mpaka uwanjani si safari, au ni safari?"

"Si safari, tata."

"Basi nenda kalitoe hilo rundo. Ndaga fijo, asante sana kwa kuku."

Nilirudi mjini karibu kukimbia. Nilimwambia Mama Subilaga, na ukimwambia Mama Subilaga umemaliza kutangaza. Kesho yake walikuja wachezaji na majembe, kina mama wa sokoni na beseni, madereva wa bodaboda, waliotoka msikitini na waliotoka mazoezi ya kwaya. Rundo lilikuwa limeoza hadi ndani, jeusi, linatoa moshi na joto. Kina mama walilibeba lote kwenda mashambani kwao. Mama Subilaga aliwahi fungu kubwa kuliko wote, na viazi vyake mwaka ule vilikuwa vya kuonyesha watu.

Alasiri koleo la nahodha likagonga jiwe. Tukayatoa majani ya mwisho kwa mikono. Mdomo wa mfereji ulikuwa pale, umejengwa kwa mawe matatu, mawili ya kusimama na moja la kulala juu. Mwanzo hapakutoka kitu. Kisha ukasikika mgugumio huko ndani, na maji yakatoka, meusi, yananuka vibaya mpaka watu wakaruka nyuma. Baadaye yakawa mekundu. Jioni yalikuwa yanatiririka maji ya kawaida. Nilikuwa nalia waziwazi, nikawaambia ni ile harufu, wakaniitikia kwa heshima kwamba ndiyo, harufu ni kali.

Wakaguzi waliporudi mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Yule mrefu alichomeka kijiti mahali pale pale, akasubiri, akachomeka pengine, akasubiri. Matundu hayakujaa.

"Mmefanyaje?" akaniuliza.

"Nilienda kuuliza kwa mwenyewe," nikamwambia. Aliandika kitu, sijui kama aliandika hicho.

Siku ya mechi nilimfuata mzee kwa bajaji. Alikuwa amevaa suti ya harusi ya mwanawe, imemzidi pande zote. Watu walimpisha njia bila kuambiwa. Tulimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na kona, chini ya mwavuli, na wazee wawili watatu wakaja kumshika mkono. Mpira ulianza. Mimi nilikuwa natazama mpira, yeye alikuwa anatazama nyasi. Mpira ukipita mbele yake alisogeza shingo ili aone mahali ulipodundia.

Kipindi cha pili mvua kubwa ikashuka. Mnaijua ile yetu, inayokuja yote kwa pamoja. Zamani mwamuzi angesimamisha mchezo. Safari hii maji yalilala juu ya nyasi kwa muda kidogo, kisha yakazama. Mechi ikaendelea, bila bila, na dakika zinakwisha. Watu walikuwa wamesimama wote. Mama Subilaga alikuwa amefumba macho anasali kwa Kinyakyusa kwa sauti ya kugombana.

Mzee akanivuta mkono. "Nipeleke nikayaone."

"Sasa hivi, tata? Zimebaki dakika chache."

"Sasa hivi ndiyo yanatoka kwa nguvu."

Vijana, nataka mnielewe. Mwaka mzima wangu ulikuwa umebebwa na dakika zile. Niliangalia uwanja, nikamwangalia yeye na suti yake iliyolowa. Niliwahi kuambiwa na mzee huyu njoo nikuonyeshe, na nilijua nilichojibu. Nikachuchumaa, nikamwambia ashike mabega yangu. Nikambeba mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, tukashuka kwenye migomba, nikishikilia shina hili na lile kwa sababu ya utelezi. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonitisha.

Maji yalikuwa yanabubujika kutoka kati ya mawe yale matatu, mengi, yanashuka kwenye korongo. Nikamketisha kwenye jiwe la pembeni. Akavua viatu mwenyewe, akakataa nisimsaidie, akaiweka ile miguu iliyovimba ndani ya maji. Alikuwa anatabasamu peke yake, na mvua inampiga kichwani, nami nikasimama nimemshikia mwavuli ambao haukuwa unasaidia.

Ndipo juu yetu ikapanda kelele. Ardhi ilitikisika, migomba ikatikisika.

"Tumefunga sisi au wao?" akauliza.

"Sisi, tata."

"Umejuaje?"

"Wageni wamekuja na basi moja. Hawawezi kupiga kelele hiyo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nenda ukaone basi."

"Limeshaingia, tata. Nitakaa."

Lilikuwa goli pekee, na tulimaliza wa nne. Hapa Tukuyu kila mtu analisimulia. Wengine wanasema nahodha alipiga kwa kichwa, wengine kwa mguu wa kushoto, Mama Subilaga anasema lilikuwa jibu la sala na mguu haukuhusika. Picha yake ya video ipo, mjukuu wangu alitaka kunionyesha, nikamwambia aiache. Nikiona lilivyoingia nitaanza kulikumbuka hilo, na mimi nina langu la kukumbuka.

Mzee Ambakisye alifariki kabla msimu uliofuata haujaanza. Tulimzika Ibighi, na klabu nzima ilikuja na jezi. Watu walitoa hotuba ndefu kuhusu alivyokuwa mvumilivu. Mimi nilikuwa najua hakuwa mvumilivu, alikuwa mtu wa hasira na kiburi aliyelala macho kila mvua inaponyesha. Nilimlilia zaidi kwa hilo.

Lakini siku ile pale chini, miguu ikiwa majini na watu wakiimba juu, aliniambia jambo lingine. Kuna mfereji wa pili. Uko upande wa lango la kuingilia, una kina kuliko ule, na mdomo wake hautokei kwenye migomba kama mnavyodhani. Alinieleza mawe ya alama yako wapi, moja moja, akanitaka nirudie mpaka nikayashika. Hakuna mtu mwingine anayeyajua. Mnapoegesha mashine yenu ya kukalia, mmeegesha karibu sana na mdomo huo, na nimesikia mnataka kumwaga zege hapo mjenge banda lake.

Nami daktari ameanza kunikataza ngazi na miteremko. Njooni nyumbani Jumamosi saa moja asubuhi, wote watatu, mnichukue. Sitawasubiri mniulize.